Masale ya Kisiwa cha Mzee Mbwana

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Hilo mnalijua ninyi nyote mnaokaa nami jioni kule bondeni, mahali ambapo pombe ya mbege ni nzuri na macho ya mchungaji hayafiki. Nilitoka nyumbani na mkungu mmoja wa ndizi kichwani, nikaushusha sokoni Arusha, na leo nina lori, nina hoteli ya chai yenye meza sita, na kahawa yangu Nkoaranga majirani huihesabu kuliko wanavyohesabu ya kwao. Shule nilisoma miaka miwili, na mmoja katika hiyo miwili mwalimu alikuwa mgonjwa. Mtu aliyepanda namna hiyo amekwisha kuona kila kitu.

Lakini tangu nirudi kutoka Tanga siku tatu baada ya siku niliyoahidi, kila mmoja wenu ana habari zake. Mmoja anasema nilimezwa na samaki. Mwingine anasema nimeoa huko. Basi naandika mara moja, yaishe. Asiyejua kusoma asomewe na mwanangu Zefania, ila Zefania asiongeze maneno yake.

Kwenye mnada wa kanisa

Ilianza Jumapili baada ya ibada, wakati sadaka za mavuno zikinadiwa pale nje. Mwalimu Gadieli alipanda juu ya gogo. Mnamjua: kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, miwani, mwana wa rafiki yetu marehemu, anayefundisha elimu ya viumbe katika shule yetu. Akasema anataka kuwapeleka wanafunzi kumi na wawili kwenye kisiwa kidogo karibu na Tanga, wakahesabu kila mmea na kila mdudu. Akasema kisiwa ni kama chumba kilichofungwa mlango. Kila kilichomo ndani kimeingia kwa upepo, kwa maji, kwa ndege, au kwa mkono wa mtu, na kazi ya mwanafunzi ni kuuliza hiki kimeingiaje.

Mama mmoja aliyekuwa ameshika jogoo wa mnada akamwambia, "Mwalimu, majani hata hapa yapo. Hesabu haya."

Watu wakacheka. Gadieli hakucheka. Akaeleza kwamba Bwana Mkaguzi, yule Mzungu wa elimu, amempa nafasi moja tu. Akirudi na daftari la kisiwa kizima, pwani hadi pwani, shule itapata safari kila mwaka na chumba cha darubini za kutazamia wadudu. Akirudi na daftari nusu, fedha zinakwenda shule nyingine, na yeye anarudishwa kufundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika a, e, i, o, u.

Wazazi wakasema sawa, lakini nani anaijua bahari? Watoto wetu ni wa mlimani. Hata mtoni kwetu mtu huvuka kwa kuruka mawe. Bila mtu mzima anayeijua bahari, hatoki mtoto hata mmoja.

Hapo nikasimama. "Bahari naijua kama shamba langu," nikasema. "Nimekata mkonge upande ule."

Na si uongo. Nilikata mkonge Mombo miezi minane. Mombo na bahari haviko pamoja, nakubali, lakini ukisimama Nkoaranga vyote viwili viko upande mmoja.

Wakakubaliana kwamba masomo ni ya Mwalimu, bali katika usalama na adabu, neno la Baba Zefania ndilo la mwisho. Yashikeni maneno hayo. Nami kwa furaha nikamnunua yule jogoo kwa bei ambayo hakuistahili.

Nkoaranga hadi stesheni ya Arusha

Stesheni ya Usa iko hapo chini yetu, najua. Mwalimu naye aliniambia. Lakini mtu akipandia treni Usa, nani atamwona? Niliwapakia wote kwenye lori langu nikawapeleka Arusha mjini, na tulipofika sokoni nikazunguka mara mbili, taratibu, ili watu wa hotelini kwangu watoke na vikombe vyao wanipungie mkono.

"Baba Zefania," Mwalimu akasema, akitazama saa yake, "tumekwisha kupita hapa."

"Tunakagua barabara," nikamwambia.

Kisha kwenye daraja la Themi tukakuta ng'ombe wa mnada wamejaa, na ng'ombe hawajui lori ni la nani. Tulipofika stesheni, treni ilikuwa imekwisha kupiga filimbi. Wanafunzi waliingizwa madirishani kama magunia, vigingi na kamba na madaftari vikifuata, na mimi nikapanda wa mwisho, polepole, kama mwenye treni.

Ilipofika Usa ikasimama nusu saa nzima. Zefania akatoa kichwa dirishani. "Baba," akasema, "nyumbani pale."

Nikamwambia arudishe kichwa ndani.

Katika treni

Mama Zefania alikuwa amenifungia kibuyu cha loshoro, mahindi na ndizi na maziwa yake ya mgando, chakula cha kumtunza mwanamume siku mbili. Kwetu kwenye baridi loshoro lina adabu. Hakuna aliyeniambia kwamba likishuka kwenye joto linakuwa mtu mwingine. Tulipokuwa tunakaribia Same kibuyu kikaanza kunung'unika juu ya rafu, na chini yake alikuwa amekaa mfanyabiashara wa Tanga, amevaa kanzu nyeupe kabisa.

Kizibo kiliruka kama risasi.

"Nini hiki?" mtu yule akapiga kelele, mikono juu.

"Chakula," nikasema.

"Chakula kinapiga watu?"

"Cha kwetu kina nguvu."

Nilitegemea ugomvi, na ugomvi siuogopi. Lakini bwana yule alinusa mkono wa kanzu yake, akaonja kidogo kwa ulimi, akafikiri. Kisha akaniuliza kama kimebaki. Tukala wote, na kabla ya kulala alikuwa ananiita ndugu yangu.

Mombo tulipita gizani, kwa hiyo sikuweza kuwaonyesha wanafunzi mahali nilipopatia nguvu. Kulipopambazuka tulikuwa Korogwe, na hapo kando ya reli nikaona maji mengi, mapana, yamemeza mpaka mashina ya mkonge. Masika yalikuwa yameisha juzi tu. Nikasimama.

"Amkeni, wanangu," nikasema. "Bahari ndiyo inaanza."

Wakaruka wote madirishani. Wengine wakaandika. Yule bwana wa kanzu akafungua kinywa, na Mwalimu Gadieli, bila kumtazama, akamtia ndizi mkononi. Kisha akavua miwani yake, akaifuta muda mrefu, akasema, "Asante, Baba Zefania."

Nikaona ni kijana mwenye heshima.

Tanga

Nilipoiona bahari yenyewe sikushangaa. Nilinyamaza kidogo tu, kwa sababu ya joto.

"Baba," Zefania akaniambia, "mbona hii ni kubwa kuliko ya Korogwe?"

"Hii imeshiba," nikamwambia.

Mchana tulikula kwa mama mmoja mwenye hoteli ya makuti. Aliniletea sahani ya nazi na ndani yake mkono wenye vikombe vidogo vidogo. Nikamuuliza ni wa mnyama gani. Akasema pweza. Nikamuuliza ana miguu mingapi. Akasema minane. Mnajua sisi hata samaki wa kawaida tunamtazama kama nyoka aliyebatizwa, itakuwa huyu? Nikala muhogo. Wanafunzi walikula pweza na kumsifu, na Mwalimu akawaandikisha hesabu ya vikombe katika kila mkono.

Asubuhi ya pili, Jumatano, tulikwenda kwenye mashua tukaikuta imelala kwenye mchanga mkavu, maji yako mbali kama Moshi. Wanafunzi wakanigeukia mimi, mjuzi.

"Bahari hupumzika asubuhi," nikawaambia.

Mwenye mashua, mtu wa makasia mwenye kifua kipana, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kweli kabisa, mzee," akasema. "Na ikimaliza kupumzika itatuita." Tukangoja mpaka saa tano maji yalipojaa. Kuhusu kuvuka kwenyewe sina la kusema. Nilikaa katikati ya mashua na nilikuwa nimefumba macho kwa sababu ya jua.

Kisiwani

Kisiwa kile kina umbo la kibuyu: tumbo moja, kiuno chembamba, tumbo la pili. Mwenye mashua alitushusha kwenye tumbo la kwanza, penye banda, tanuru la chokaa na mbuzi.

"Mwenyewe ni Mzee Mbwana, mchoma chokaa," akasema. "Amekwenda mjini, atarudi Ijumaa baada ya sala. Amesema mlale bandani. Mimi nitawachukua Jumamosi asubuhi, muwahi treni." Akapiga makasia akaenda zake. Tukabaki sisi na mbuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupendeza kuitazama. Mwalimu alipima ardhi kwa kamba ya mkonge, akachomeka vigingi, akakata kisiwa vipande vipande kama mtu anayegawa nyama ya harusi. Kila kipande wanafunzi wawili, wanapiga magoti, wanahesabu. Zefania alimshika kaa mwenye gando moja kubwa na jingine dogo, akaniletea. "Baba, huyu ni mnadi wa kanisa. Mkono mmoja unapokea, mwingine unarudisha chenji." Nilimkemea, lakini ni kweli.

Nami nikatembea mbele kukagua usalama. Nikafika kwenye kile kiuno. Nikasimama kama niliyegonga ukuta.

Masale.

Ninyi hamhitaji kuelezwa, lakini Zefania ananiambia karatasi hufika mbali, basi naeleza. Sale ni ule mti mwembamba wenye majani marefu ambao babu zetu waliupanda kati ya shamba la mtu na shamba la mwenzake. Anayeuruka na jembe anajitafutia laana. Na mti huohuo, ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili, naye hana ruhusa ya kulikataa. Kwetu mpaka na msamaha vinachumwa kwenye mti mmoja.

Na pale kisiwani yalisimama masale ishirini na mawili, yamenyooka kutoka maji ya huku hadi maji ya kule.

"Simameni wote!" nikapaza sauti. "Hakuna kuvuka. Huku ni kwa mtu mwingine."

Mwalimu akaja mbio. Akatazama. Naye ni Mmeru, anajua. "Baba Zefania," akasema taratibu, "mti huu huota na porini."

"Kwa mstari?"

Akautazama mstari tena.

"Mwalimu," nikamwambia, "watu wetu walitolewa na Wazungu katika ardhi yao kule kaskazini mwa mlima tukiangalia, na nyumba zikachomwa. Mimi leo nivuke mpaka wa mtu ambaye hayupo, eti kwa sababu nina daftari? Hata wale waliokuja kule walikuwa na daftari."

Wanafunzi walikuwa wameacha hata kupigana vikumbo. Gadieli akafunga kitabu chake. "Katika adabu neno ni lako," akasema. "Tutamngoja mwenyewe."

Basi tukahesabu tumbo la kwanza Jumatano ile na Alhamisi. Shida ni kwamba mbuzi walikuwa wamelihesabu kabla yetu. Hapakuwa na kitu ila miiba, nyasi ngumu na vinyesi. Alhamisi saa nne kazi ikaisha. Mwalimu akawarudisha wanafunzi wahesabu tena, kisha tena, mpaka beberu mmoja mwekundu mwenye sikio lililochanika akaandikwa mara tatu. Na ng'ambo ya masale palikuwa pori la kijani limefungamana, ndege wanaingia na kutoka kama wageni waalikwa, na wanafunzi wangu wamekaa mstarini wamenyoosha shingo kama watu walio nje ya harusi.

"Baba," Zefania akaniuliza, "nikipanda mti wa huku nikahesabu kwa macho, nimevuka?"

"Macho pia yana miguu," nikamwambia.

Nilimwona Mwalimu amekaa peke yake kwenye tanuru, anafunua kurasa tupu za daftari moja moja, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Nikajiambia, heshima ni heshima. Lakini sikuenda kukaa karibu naye.

Ijumaa

Mzee Mbwana alifika alasiri, mtu mkavu, mweupe wa chokaa mpaka kwenye nyusi, na mkubwa kwangu kwa miaka ishirini. Ilinibidi niseme shikamoo kwa mtu asiye na lori.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, watoto wa bara."

Nilikuwa nimejiandaa. Jani nilikuwa nimelichuma kwenye mpaka, upande wetu, nimelifunga fundo. Nikampelekea kwa mikono miwili, kichwa chini, wanafunzi wakiwa wamejipanga nyuma yangu.

"Mzee," nikasema, "tumeingia kwako ukiwa haupo. Tunaomba radhi, na tunaomba utuvushe."

Alilipokea. Akaligeuza huku na huku. "Ahsante," akasema, kwa upole wa watu wa kule, na akashusha mkono. Na beberu mwekundu, yule wa sikio lililochanika, akaja akalichukua jani kwenye vidole vyake akalitafuna lote, fundo likawa la mwisho. Mzee Mbwana akamkuna kichwa.

Mtu kukataa sale ni habari ya kusimuliwa vizazi vitatu. Mtu kumpa mbuzi sale! Nikageuka. "Fungeni mizigo," nikasema. "Hakuna atakayevuka. Amekataa."

Hapo ndipo Mwalimu Gadieli alipopaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Baba Zefania! Kesho mashua inakuja! Daftari ni nusu!"

"Tutavukaje mpaka wa mtu aliyekataa?"

"Kuvuka wapi?" Mzee Mbwana akauliza, akitutazama kwa zamu. "Mpaka gani? Kisiwa chote nakaa mimi na mbuzi."

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kiuno. Nikamwonyesha yote ishirini na mawili. Alitazama masale, akanitazama mimi, akatazama masale. Kisha akaanza kucheka, akatafuta pa kukaa, akakosa, akakaa chini.

"Hizi ni fito zangu za kuanikia pweza!" akasema.

Alipopata pumzi akaeleza. Zamani alikwenda kuwatembelea wakwe zake kwenye milima ya Usambara, akakata fito huko, akazichomeka pale kwenye kiuno kwa sababu upepo unapita, akafunga kamba, akaanika pweza. Fito zikaota. Hakuzing'oa, uvivu.

"Na mbuzi?" Mwalimu akauliza, sauti imebadilika. "Mbona ng'ambo kuna majani yote yale? Mbuzi hawavuki?"

"Nilifunga nyavu kuukuu kwenye fito, wasiniangushie pweza," akasema Mzee Mbwana. "Nyavu zilikwisha kuoza siku nyingi. Ila mbuzi hawajagundua."

Zefania akanitazama. Mimi nikatazama bahari.

Mwalimu hakunigombeza. Angenigombeza ningemjibu, maana majibu sijawahi kukosa. Alirudi bandani, akaanza kukunja kamba ya mkonge kwenye kiganja na kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko. Tumbo la pili lilihitaji siku tatu. Mashua ilikuwa ya kesho asubuhi, na treni ya kesho, na baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka Jumanne. Unga ulikuwa wa usiku ule tu. Na nilimwona tayari amesimama mbele ya watoto wadogo, chaki mkononi, a, e, i, o, u, kijana ambaye baba yake alinikopesha kamba ya kwanza niliyofungia ndizi.

Nikarudi kwenye zile fito za pweza. Nikachuma jani jingine. Fundo la kwanza lilifunguka, nikafunga tena. Nikaja bandani, mbele ya wanafunzi wote kumi na wawili, mwanangu akiwa wa mbele, nikampa kwa mikono miwili mtu ambaye ningeweza kumzaa.

"Mwalimu, nimekupotezea siku mbili," nikasema. "Na la pili, bahari sikuwahi kuiona."

Hakuna aliyecheka. Masale hayachekwi.

"La pili nalijua, Baba," Gadieli akasema. "Nalijua tangu Korogwe."

"Na ukanyamaza?"

"Bila wewe wazazi wasingewatoa watoto. Nilikuhitaji uijue." Akalipokea jani. "Kwa hiyo na mimi nilikuwa nadaiwa moja."

Akafungua daftari, mahali pale palipoanza kurasa tupu, akalilaza ndani, akalifunga.

Nanyi mnajua sale haliendi peke yake, huenda na mnyama. Nikamwendea Mzee Mbwana nikamwambia naomba kununua mbuzi.

"Chagua, mwanangu. Ila si yule wa sikio, yule ni mkorofi."

"Ni yule wa sikio," nikasema. "Ana kitu changu tumboni." Na mwenye mashua alipofika asubuhi nilimrudisha bila abiria, nikamwambia aje Jumatatu jioni na kwamba safari zote mbili ni zangu.

Jumamosi hadi Jumatatu

Mzee Mbwana alimchinja beberu mwenyewe, kwa desturi ya dini yake, ili tule wote pamoja. Kwa hiyo jani la kwanza lilimwingia beberu, na beberu akatuingia sisi, wanafunzi, Mwalimu, Mzee na mimi. Sijawahi kusikia radhi iliyomfikia kila mtu namna ile.

Tulivuka mpaka usiokuwepo asubuhi na mapema, na nakiri kwamba nilipopita kati ya fito mbili nilisema pole kimoyomoyo. Mbuzi walisimama nyuma yetu wakitutazama kama watu wanaotazama wezi.

Ng'ambo kulikuwa na kila kitu. Kila kigingi kilipochomekwa, kijana alipaza sauti jina jipya, na asichokijua jina alikichora. Mimi nilishika ncha ya kamba siku tatu na Mwalimu akaniambia hajapata mshika kamba asiyetikisika kama mimi, na hilo naliamini. Alikuwa anaruka kwa furaha. Aliniambia kisiwa hiki ni viwili: kimoja chenye mbuzi na kimoja kisicho na mbuzi, na kwa sababu niliwazuia upande ule mpaka wakauhesabu mara tatu, hakuna jani hata moja la upande ule linaloweza kubishaniwa. Sasa alikuwa na cha kulinganisha.

"Unaona?" nikamwambia Zefania. "Nilikuwa na mpango."

"Ndiyo, Baba. Na mbuzi nao."

Jumapili tuliimba wimbo mmoja na kuomba, halafu Mzee Mbwana akaleta sahani ya nazi, imefunikwa. Nikaijua kabla sijafunuliwa.

"Umeziheshimu fito zake siku mbili," Mzee akaniambia. "Mheshimu na mwenyewe."

Wanafunzi wakasogea. Nikachukua mkono mmoja, nikafumba macho, kwa sababu ya jua, nikatafuna. Sikushangaa. Niliomba mkono wa pili.

Kurudi Meru

Safari ya kurudi tulishukia Usa. Sikumwuliza mtu maoni. Tulipanda kwa miguu kile kijia chetu cha mtelezo hadi Nkoaranga, wanafunzi na vigingi vyao, na lori likabaki Arusha mpaka nilipomtuma mtu.

Wiki ya pili Bwana Mkaguzi alikuja shuleni. Nilikuwepo, nilipeleka ndizi. Alifunua daftari ukurasa kwa ukurasa, anatikisa kichwa, anasema mzuri, mzuri sana, kwa Kiswahili chake kile. Alikaa sana kwenye kurasa za mbuzi na zisizo na mbuzi, akasema safari ya mwakani ipo. Nilimwona Gadieli akishika ukingo wa meza. Halafu Mkaguzi akafika kwenye jani lililokauka, akainua nyusi.

"Mwalimu, jani hili ina fundo. Katika kisiwa hii majani anaota na fundo?"

Chini ya jani, kwa mwandiko wa Mwalimu, palikuwa pameandikwa namba yake, na jina, sale, na jibu la lile swali la kimeingiaje: *Kwa mkono wa mtu.*

"Hapana, bwana," Gadieli akasema. "Fundo pia ni kwa mkono wa mtu."

Hakunitazama, na mimi nikawa nashughulika na ndizi.

Basi hayo ndiyo yaliyonichelewesha, wala sikuoa. Mashua ya safari mbili, muhogo na unga wa siku tatu kwa Mzee Mbwana, tikiti mpya kumi na nne, beberu mmoja mkorofi, kanzu ya watu kufuliwa, na penseli niliyoinunua ili niwaandikie haya: shilingi mia tatu kumi na saba na senti arobaini.